Majani yamegeuka meupe baada ya kutoka nje: je, mimea yangu imekufa?

*"Nina mimea tisa ya vyunguni ambayo majira yote ya baridi ilikaa ndani karibu na dirisha: monstera, fikasi ya majani mapana, mlimau, haibiskasi mbili, sansevieria, kangaga mmoja na Saintpaulia mbili. Jumamosi jua lilitoka, joto likafika nyuzi 21, nikatoa mitatu ya kwanza (monstera, fikasi na mlimau) nikaipanga barazani panapopigwa na jua mchana kutwa. Nilidhani naifanyia hisani, maana asili yake ni nchi za joto. Kufika Jumatatu monstera ilikuwa na mabaka meupe kama karatasi, fikasi imeanza kupukutisha majani, na mlimau umekunja yake. Usiku baridi ilishuka hadi nyuzi 7 hivi. Nimeimwagilia sana nikidhani ina kiu, lakini bado imelegea. Je, nimeiua? Niirudishe ndani? Niyakate hayo majani? Niipe mbolea ipate nguvu? Na hii sita iliyobaki niifanyeje?"*

Haijafa. Naanza na hilo kwa sababu mtu akishaona jani la mmea alioulea kwa miaka limegeuka rangi ya karatasi, hasikii lingine mpaka aambiwe mgonjwa atapona. Monstera na mlimau vitapona ukiacha kuvisumbua. Fikasi itakununia kwa wiki kadhaa, kisha nayo itachipua. Katika maelezo yako yote kuna kitu kimoja tu kinachonitia wasiwasi, nacho si jua: ni hayo maji uliyoyamwaga sana. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, nenda kamwage maji yaliyotuama kwenye visahani, hakikisha matundu ya chini ya vyungu hayajaziba, na usimwagilie tena mpaka tufike huko mbele. Viondoe vyungu vyote vitatu juani, na usiku wa leo vilale ndani.

Sasa tuzungumze. Kinachokuchanganya, nikikuelewa vizuri, ni kwamba mimea iliyotoka nchi za joto imeunguzwa na siku ambayo wewe mwenyewe huenda ulivaa sweta asubuhi. Nyuzi 21 si joto la kumuunguza mtu. Lakini kilichoiunguza mimea yako mchana hakikuwa joto, kilikuwa mwanga. Na usiku ukaja na adhabu ya pili, ya baridi, ambayo dalili zake huchelewa kuonekana, kwa hiyo lawama zote zikaangukia jua.

Tuanze na hili la asili. Kusema mmea "umetoka nchi za joto" ni sawa na kusema mtu "ametoka pwani": bado hujajua kama ni mvuvi au karani. Monstera huanza maisha chini kabisa kwenye misitu ya Meksiko ya kusini na Amerika ya Kati, gizani, ikiparamia vigogo vya miti mikubwa. Kangaga wengi ni viumbe wa kivuli na unyevu. Hizo Saintpaulia zako asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya, hasa milima ya Usambara, ambako huota kwenye mawe yenye ukungu chini ya miti na kupata vipande tu vya jua vinavyopenya majani. Mimea kama hiyo ukiiweka juani mchana kutwa hujairudisha kwao, umeipeleka mahali ambapo ukoo wake haujawahi kuishi. Mlimau na haibiskasi ni habari nyingine. Hiyo kweli ni mimea ya jua, na hatimaye utaifikisha juani.

Lakini mbona mlimau nao umeumia? Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu, na ukikikumbuka hiki mengine utayabuni mwenyewe: mmea unaweza kuwa wa jua, ila majani ulionayo leo si ya jua. Kila jani hujengwa kulingana na mwanga uliokuwepo wakati lilipokuwa likifunguka. Lililofunguka nyuma ya kioo katika miezi ya giza huwa jembamba, pana, limejaa umbijani, yaani ile rangi ya kijani ya majani, ili linase kila chembe ya mwanga inayopita, na nta yake ya juu ni nyepesi. Lililofunguka juani huwa nene, lina tabaka zaidi za seli, nta nzito, na ndani yake mna kemikali za kujikinga. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi, na jani nalo ni hivyo hivyo. Likishakomaa linaweza kujirekebisha kidogo, kama mtu anayefumba nusu ya jicho, lakini kulijenga upya haiwezekani. Kwa hiyo ule utaratibu wa kuzoesha mimea nje, ambao wenye vitalu huuita kukomaza miche, kwa mmea mkubwa una kazi mbili: kuyapa majani ya zamani nafasi ya kujirekebisha kwa kile kidogo yanachoweza, na kuyaweka hai mpaka majani mapya yatokee yakiwa tayari yamejengwa kwa mwanga wa nje.

Tofauti ya mwanga huo ni kubwa kuliko unavyofikiri, kwa kuwa jicho la binadamu ni mwongo. Mboni hujifunga na kujifungua mpaka unaona ndani na nje kama vinakaribiana. Mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho lux. Karibu kabisa na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, mchana mzuri, utapata lux elfu chache. Rudi nyuma mita mbili na utabaki na mamia. Nje, kwenye kivuli cha wazi ambako mbingu inaonekana, ni lux 10,000 au hata 20,000, na kwenye jua la mchana hukaribia 100,000. Soma tena hizo namba, halafu uone jambo ambalo watu wengi hulikosa: kivuli cha nje tayari ni mwanga mwingi kuliko dirisha lako. Mtu akiniambia "nimeuweka mmea kivulini tu, hautapata mwanga", namjibu kwamba huenda ameshauongezea mwanga mara tano.

Kioo nacho kina lake. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya ile mionzi mikali ya urujuanimno, ile ile inayobabua ngozi ya binadamu. Jani lililokulia nyuma yake halikuwa na sababu ya kujitengenezea kinga. Ndiyo maana hata mmea uliokuwa ukipigwa na jua kupitia dirishani unaweza kuungua ukitoka nje ghafla.

Ndani ya jani hali ilikuwa hivi. Umbijani hunasa mwanga na kupeleka nishati yake kwenye kazi ya kutengeneza chakula. Nishati ikija kwa kasi kuliko kazi inavyoweza kuipokea, ziada huzalisha aina za oksijeni zilizo kali kama sumu, nazo hushambulia umbijani wenyewe na utando wa seli. Rangi ya kijani huchujuka, seli hufa, na kinachobaki ni lile baka jeupe ambalo baada ya siku kadhaa hukauka na kuwa la rangi ya kaki.

Ukitaka kuhakikisha kwamba ni jua wala si ugonjwa, chukua jani moja la monstera ulitazame kwa utulivu. Baka la jua hukaa pale tu jani lilipotazama mbingu. Mahali ambapo jani jingine lilikuwa limelifunika, utakuta kijani kimebaki salama, na mpaka kati ya cheupe na kijani umechongoka kabisa: umbo la jani la juu limechorwa juu ya jani la chini kama picha iliyopigwa. Ligeuze uangalie mgongoni. Mara nyingi upande wa chini haujaharibika sana. Ugonjwa hauheshimu kivuli namna hiyo. Madoa ya ukungu huwa na duara, au ukingo wa njano, na hutokea hata kwenye majani yaliyojificha.

Alama za baridi ni tofauti, na ningependa uzitafute pia kwa sababu nyuzi 7 hazikupita bure. Mimea mingi ya nchi za joto huumizwa na baridi hata kabla ya maji kuganda, kwa kawaida joto likishuka chini ya nyuzi 10 au 12 hivi. Utando unaozunguka seli umetengenezwa kwa mafuta. Umeona mafuta ya nazi yanavyoganda chupani asubuhi ya baridi? Jambo linalofanana na hilo hutokea kwenye utando huo: unakakamaa, unavuja, na vilivyokuwa ndani ya seli vinatoka. Jani hupata mabaka meusi au ya kijani kizito yanayoonekana kama yamelowa maji, kisha hulegea kama limechemshwa. Ubaya ni kwamba hayo huweza kujitokeza siku mbili tatu baadaye, mmea ukiwa umesharudi kwenye joto, na mwenye mmea hubaki akijiuliza kosa lipi jipya amelifanya. Mimi mwenyewe niliwahi kuacha chungu kikubwa nje usiku mmoja kwa sababu kilikuwa kizito na mgongo ulikuwa unauma. Asubuhi kilionekana kizima, nikajisifu. Siku ya tatu nilikuwa nikiokota majani kwa ndoo.

Sasa tuje kwenye maji. Umeona majani yamelegea, ukamwagilia, yakaendelea kulegea, ukaongeza. Karibu kila mtu hufanya hivyo. Lakini kulegea hakusemi "udongo umekauka", kunasema tu kwamba maji yanatoka kwenye majani haraka kuliko mizizi inavyoyapandisha. Udongo ukipoa, mizizi hufyonza polepole mno. Mlimau ni mfano mzuri: udongo ukiwa chini ya nyuzi 13 hivi mizizi yake karibu inalala. Mchana jua na upepo vinanyonya majani kwa juu, huku mizizi iliyolala haina cha kupandisha, hata kama imezama majini. Na ikizama majini hukosa hewa, ikikosa hewa huoza, ikioza hata joto likirudi hakuna wa kufyonza. Kwa hiyo dawa ya mlimau uliokunja majani katika udongo uliolowa ni kuupunguzia jua na upepo na kuupasha joto chunguni. Kukunja kwenyewe ni akili ya mmea, unapunguza eneo linalopoteza maji.

Kuanzia sasa, kabla ya kumwagilia choma kidole udongoni mpaka pingili ya pili. Kukiwa na unyevu hapo, ondoka. Njia nyingine ninayoipenda zaidi ni kunyanyua chungu. Ukikizoea uzito wake kikiwa kimelowa na kikiwa kikavu, hutahitaji kidole wala kifaa.

Umeuliza kuhusu kuyakata majani. Usiyakate yote. Jani lenye nusu nyeupe na nusu ya kijani bado linalisha mmea kwa ile nusu, na mmea uliopata mshtuko unahitaji kila mlo unaopatikana. Cheupe hakitarudi kuwa kijani, hilo usilisubiri. Kata tu lililokauka lote, au lililolainika na kuanza kuoza, mengine uyavumilie wiki tatu nne mpaka mapya yaje. Unapokata fikasi au monstera vaa glavu, utomvu wake huwasha. Kama macho yako yanashindwa kabisa kuvumilia ubaya wa mabaka, punguza jani moja moja kila majani mapya yanapofunguka.

Mbolea hapana. Mbolea ni chumvi, na chumvi udongoni huwafanya wafyonzaji waliochoka kufyonza kwa shida zaidi. Haimpi nguvu mgonjwa. Subiri uone jani jipya limefunguka lote, ndipo uanze kwa kipimo cha nusu. Kubadilisha chungu nako subiri. Kuhama nje ni mshtuko mmoja, kuchokonolewa mizizi ni mwingine, na ningeacha wiki mbili au zaidi katikati yake.

Kuirudisha ndani? Hapa jibu linategemea mmea na linategemea maisha yako. Kama unashinda nyumbani, monstera na mlimau vinaweza kukaa nje kivulini mchana na kuingia ndani jioni. Kama unatoka asubuhi na kurudi usiku, usijitese. Virudishe dirishani, usubiri wiki mbili tatu mpaka usiku upate joto, kisha uanze upya kwa utaratibu. Hakuna kitakachopotea. Kwa fikasi sitoi chaguo: irudishe pale pale ilipokuwa na usiiguse. Jamii hiyo hupukutisha majani kwa sababu tu mazingira yamebadilika, na mtu akiihamisha kila siku akitafuta mahali itakapofurahi ndipo inapobaki fimbo tupu. Kwa maoni yangu fikasi ya majani mapana inayostawi ndani haidai kutoka nje hata kidogo. Ukitaka kuitoa, itoe mara moja, usiku ukiwa umetulia kwenye nyuzi 13 na kuendelea, iweke kwenye kivuli kizuri, uiache hapo majira yote.

Hii sita iliyobaki usiitoe bado. Kipimo chako kisiwe joto la mchana, kiwe la usiku. Mchana ndio unaotutia hamu, usiku ndio unaoua. Haibiskasi subiri usiku usishuke chini ya nyuzi 10 kwa wiki nzima mfululizo. Sansevieria na kangaga ningewasubirishia nyuzi 13. Sansevieria inaonekana ngumu kama ngozi ya kiatu, lakini baridi ikichanganyika na udongo uliolowa huoza kuanzia shingoni. Saintpaulia ziache ndani. Hazina faida ya kutoka, majani yake yenye vinyweleo hayapendi mvua, na maji baridi yakiyadondokea huacha michoro ya njano isiyofutika.

Kuhusu utabiri wa hali ya hewa, kuna mtego. Kipimajoto cha vituo hukaa kivulini, kiasi cha mita moja na nusu au mbili juu ya ardhi. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi na majani hupoteza joto lao kuelekea angani moja kwa moja, na jani linaweza kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka kwa nyuzi kadhaa. Ndiyo maana utabiri husema nyuzi 3 au 4 na asubuhi unakuta jalidi kwenye majani. Ukisikia "anga tupu, upepo tulivu" mapema katika majira ya kuchipua, ongeza tahadhari. Kisichoweza kuingia ndani kisogeze chini ya paa au mti mnene, kwa sababu chochote kinachoziba mbingu hupunguza upotevu huo, au kifunike kwa shuka linaloshuka mpaka chini na uliondoe asubuhi. Nailoni inayogusa majani haisaidii, pale inapogusa ndipo panapoungua kwa baridi.

Siku ya kuitoa ikifika, chagua siku ambayo wengine wangeiona mbaya: mawingu, manyunyu, hakuna upepo. Iweke mahali ambapo jua halifiki kabisa, ukutani upande wa kaskazini kama uko kaskazini mwa ikweta, upande wa kusini kama uko kusini, au chini ya mti. Siku tatu nne za mwanzo ni hapo tu. Kangaga na monstera safari yake inaishia hapo hapo, hayo ndiyo makao yao ya majira yote. Haibiskasi na mlimau baada ya siku hizo viongezee saa moja ya jua la asubuhi, ambalo ni pole kuliko la saa saba mchana. Kila baada ya siku moja au mbili ongeza saa nyingine. Wiki mbili zitakufikisha karibu na jua kamili, na ukiona jani limepauka rudi nyuma hatua mbili. Huna muda wa kuhamisha vyungu kila siku? Tundika neti ya kivuli inayozuia nusu ya mwanga, uiache wiki mbili tatu, kisha uiondoe siku ya mawingu. Matokeo yanakaribiana, na mgongo utakushukuru.

Upepo husahauliwa. Shina lililokulia ndani halijawahi kutikiswa, kwa hiyo ni laini na refu. Kutikiswa kidogo kidogo hulifanya linenepe, hilo ni jambo jema, lakini tufani ya siku ya kwanza hulivunja. Funga kijiti cha kuegemea, ulegeze kamba ili shina liendelee kucheza. Kwenye roshani ya ghorofani upepo unaweza kukausha mmea kuliko jua lenyewe.

Kabla ya kutoa, geuza majani uangalie mgongoni. Hewa kavu ya ndani wakati wa baridi huzalisha utitiri na vidung'ata. Vioshe kwa maji ya vuguvugu na kitambaa. Kama itabidi upulize mafuta au sabuni ya kuulia wadudu, fanya hivyo siku kadhaa kabla na mmea ukae kivulini, kwa kuwa jani lililopakwa mafuta likipigwa na jua huungua hata kama lingevumilia. Nje utapata wasaidizi usiowalipa: mvua ya kuosha, na bibi-wadudu wenye mabawa yenye madoa watakaomaliza vidukari.

Vyungu vyenyewe: visahani viache ndani. Mvua ikivijaza mizizi inazama, na mbu hawahitaji zaidi ya wiki moja hivi ya maji yaliyotuama kukuletea kizazi kipya. Chungu cheusi cha plastiki kikipigwa na jua upande mmoja hupika mizizi ya upande huo. Kitumbukize ndani ya chungu kikubwa chenye rangi nyepesi. Na utakapofika majira ya joto, mmea ulioumwagilia mara moja kwa wiki utahitaji maji karibu kila siku, kwa hiyo kidole kile kile kifanye kazi.

Utasikia pia kwamba usimwagilie mchana kwa sababu matone hugeuka lenzi na kuchoma majani. Kwa majani laini yasiyo na vinyweleo si kweli. Watafiti wa Hungaria walilijaribu na kuchapisha matokeo mwaka 2010, na matone hayakuunguza. Mmea wenye kiu saa saba mchana upe maji saa saba mchana.

Mimi nakujibu kwa maandishi, siwezi kunusa udongo wako. Kuna hali zinazotaka mtu auone mmea kwa macho. Bonyeza shina la kila mmea pale linapotoka udongoni. Likibonyea na kulainika, au udongo ukinuka uvundo, au mlimau ukitoa gundi kwenye gome, au baada ya wiki mbili za kivuli na udongo wa unyevu wa kadiri mmea bado umelala, nenda kwenye kitalu chenye mtu mwenye ujuzi, bustani ya mimea, au kwa afisa ugani. Beba jani bovu na jani zima kwenye mfuko uliofungwa, pamoja na picha za mmea mzima na za mizizi ukiweza kuutoa chunguni bila kuuvunja. Mmea wenyewe usiupeleke kama unashuku wadudu, utawaambukiza wa wenzako.

Kwa sasa tazama monstera, pale bua la jani la mwisho linapoungana na shina. Hapo ndipo mkuki mpya wa kijani hafifu utakapochomoza. Jani hilo likifunguka ukiwa umeshautoa mmea nje kivulini, huenda likawa dogo kidogo kuliko ndugu zake na gumu zaidi ukilishika kati ya vidole. Ukilipata la pili la namna hiyo, unaweza kuanza kuyaondoa yale meupe. Na weka alama kwenye kalenda: usiku ukianza tena kukaribia nyuzi 13, mimea irudi ndani, ikipitia kwanza wiki moja ya kivuli, maana hata kushuka kutoka mwanga mwingi kwenda mdogo hupukutisha majani, na fikasi itakuwa ya kwanza.